"Usiwaze sana" si dawa: msongo unaoletwa na ugonjwa na namna ya kuushusha

Mtu akirudi kutoka kliniki na kadi iliyoandikwa presha 168/102, au sukari 14, neno la kwanza analopokelewa nalo nyumbani, baada ya pole, ni "usiwaze sana, mawazo yatakupandishia presha." Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linachoma. Mgonjwa anaelewa kwamba mawazo yana madhara, anajitahidi kuyafukuza, yanarudi kwa mlango wa uani, na sasa ana jambo la pili la kumkosesha usingizi: anawaza kwamba anawaza.

Kasoro ya ushauri huo ni kwamba unapelekwa kusikopokelewa. Mfumo wa neva unaobana mishipa, kukausha mdomo na kufukuza usingizi hautii amri ya maneno, hata ikitoka kwa mwenye mwili. Huwezi kuuambia moyo upige polepole ukakubali. Unachoweza ni kuufikia kwa kupitia vitu unavyovisikia: namna unavyopumua, misuli ulivyoikaza au kuilegeza, mahali unapouweka usikivu wako, na mtu uliyekaa naye. Njia hizi nne kila moja ina kazi yake. Pumzi hufanya kazi ndani ya dakika. Misuli inafaa zaidi usiku. Tafakuri huonyesha matunda baada ya wiki kadhaa. Na rafiki hufanya yale ambayo pumzi haiyawezi kabisa, kama kwenda kukuchukulia dawa mvua ikinyesha. Wengi wanaosema "nilijaribu, haikunisaidia" walishika chombo kizuri wakakitumia kwa kazi isiyo yake.

Bodaboda inayopita kila siku

Unavuka barabara, bodaboda inakukosa kwa shibiri moja. Kabla hujaelewa kilichotokea moyo umeshaanza kwenda mbio, viganja vimelowa, magoti yamelegea. Hiyo ni adrenalini, homoni inayomwagwa na tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, na kazi yake ni ya sekunde. Mishipa ya ngozi na ya tumbo inabanwa, damu inaelekezwa kwenye misuli mikubwa, presha inapanda, ini linafungua ghala lake la sukari. Nyuma yake inakuja kotisoli, homoni nyingine kutoka tezi zilezile, ambayo huenda taratibu: kilele chake kwenye damu hufika kama nusu saa baada ya tukio. Kotisoli hulihimiza ini liendelee kutengeneza sukari na huzifanya seli zisiitikie insulini vizuri. Kwa mtu aliyekoswakoswa na bodaboda yote haya ni msaada, na baada ya muda yanatulia. Anabaki na kisa cha kusimulia kijiweni.

Mgonjwa wa muda mrefu, bodaboda yake inapita kila siku. Inapita akihesabu vidonge vilivyobaki kwenye pakiti, inapita akisikia mwenzake wa kliniki amelazwa, inapita akihisi ganzi kidogo mguuni. Mwili huipokea hatari ya kuwazia kwa mlango uleule unaopokelea hatari ya kuonekana kwa macho. Ndiyo maana mwenye kisukari aliyekula kwa nidhamu wiki nzima anaweza kukuta sukari imepanda asubuhi ya kwenda kuchukua majibu, akaishia kujilaumu kwa chakula ambacho hakukila.

Kwa presha hesabu ina kona zaidi. Mshtuko mmoja huipandisha kwa muda, kisha hushuka. Kinachoharibu zaidi, kwa tathmini yetu, ni njia ya mzunguko: mwenye msongo halali, asipolala anasahau vidonge, anarudia sigara au bia aliyokuwa ameiacha, anakula usiku chochote kilichopo na chumvi yake, anaacha kutembea. Kwa hiyo anayefanya mazoezi ya utulivu ili namba ya kwenye mashine ishuke jioni ileile atavunjika moyo mapema. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilipitia tafiti za tafakuri na magonjwa ya moyo kikaona inaweza kuwa nyongeza juu ya matibabu ya kawaida, na ushahidi wake bado ni wa kadiri. Nyongeza, yaani vidonge viko palepale. Faida inayotarajiwa ni mtu kuweza kulala, kukumbuka dawa, na kwenda kliniki bila kuhisi kama anaitwa mahakamani.

Kwanza hakikisha ni mawazo kweli

Moyo kwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka, hofu isiyo na sababu. Yeyote atasema ni wasiwasi. Lakini kwa anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari vya jamii ya glibenklamidi, hizo ndizo dalili za sukari kushuka, moja baada ya nyingine. Kumwambia mtu huyo akae avute pumzi ni kumchelewesha. Apime. Ikiwa chini ya 4.0 (kwa mashine zinazotumia kipimo cha namba kubwa, chini ya 70), apate kama gramu 15 za sukari inayofyonzwa haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa majini, au mililita 150 hivi za soda yenye sukari, ambayo ni kiasi cha nusu chupa. Baada ya dakika 15 apime tena. Kama bado iko chini, arudie. Ikishapanda ale kitu cha kushikilia tumbo, ndizi au kipande cha mkate. Asiye na mashine atangulize sukari, maswali baadaye. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu, akimbizwe hospitali.

Jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: dawa za presha kama atenololi na propranololi zinaweza kuficha mbio za moyo na kutetemeka wakati sukari inashuka. Jasho kwa kawaida haziwezi kulificha. Mwenye kisukari anayetumia dawa hizo akitokwa na jasho jingi bila joto wala kazi, asisubiri dalili nyingine.

Kuna pia wasiwasi unaotoka kwenye kikombe na kwenye mfuko. Kahawa au chai nzito ya saa mbili usiku bado iko mwilini usiku wa manane. Mirungi huharakisha moyo na kupandisha presha, kisha hunyang'anya usingizi. Pampu ya pumu inaweza kutetemesha mikono, na baadhi ya vidonge vya mafua vya kuzibua pua hupandisha presha. Ukiviondoa hivi, au ukimweleza daktari, wakati mwingine "msongo" unapungua nusu bila tafakuri yoyote.

Presha yenyewe ipimwe kwa utaratibu, la sivyo utapima haraka zako. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usipande ngazi mbio. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kuipishanisha, mkono umelala mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika 1 katikati, na usizungumze. Kliniki huhesabu 140/90 kuwa juu. Nyumbani kiwango ni 135/85, kwa sababu wengi presha yao hupanda kidogo wakiona koti jeupe. Halafu yuko yule aliyenunua mashine na sasa anapima mara kumi kwa siku: akipima anaogopa, akiogopa inapanda, ikipanda anapima tena. Mtu huyu apangiwe: siku 7 kabla ya kliniki, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, aandike kwenye daftari, kisha mashine irudi kabatini.

Pumzi: ya kutumia sasa hivi

Ukivuta hewa ndani moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa, hupunguza. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kupita shingoni hadi moyoni na tumboni, na ambayo ndiyo breki ya mwili. Ukirefusha utoaji wa pumzi unaikanyaga breki kwa muda mrefu zaidi. Hakuna siri nyingine.

Kaa wima kwenye kiti, au lala ukiwa umeinua magoti. Weka kiganja kimoja kifuani, kingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kiganja cha tumbo kiinuke, cha kifuani kitulie. Toa kwa pua, au kwa midomo iliyobanwa kama unayepuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Mzunguko mmoja ni sekunde 10, kwa hiyo dakika moja ina pumzi 6, na dakika 5 zina pumzi 30. Hapo umemaliza. Fanya asubuhi na jioni.

Makosa hujirudia kwa watu wengi. La kwanza ni kuvuta hewa nyingi mno kwa kudhani pumzi nzito ndiyo pumzi nzuri. Ukipumua kwa wingi kuliko mwili unavyohitaji, hewa ya kaboni inapungua kwenye damu, na matokeo yake ni kizunguzungu, midomo na vidole kuwasha kama vinatambaliwa na sisimizi, kifua kubana. Mgonjwa anaamini ndiyo kiharusi kinaanza, hofu inaongezeka, anavuta zaidi. Pumzi inatakiwa iwe ya polepole na ndogo, ya kimyakimya. Aliyekaa pembeni yako asiisikie. Kosa la pili ni kuhesabu kwa kasi ya moyo unaokimbia, hadi "nne" inafika kwa sekunde moja na nusu. Tumia mshale wa sekunde wa saa ya ukutani. La tatu, na ndilo linalowaangusha wengi, ni kulijaribu zoezi kwa mara ya kwanza siku ya hofu kubwa. Hakuna anayejifunza kuogelea siku mtumbwi umepinduka. Lizoee kwanza wiki mbili ukiwa mtulivu, ndipo mwili utalitambua siku ya dhiki.

Kama 4 na 6 zinakubana, anza na 3 na 4. Mwenye moyo uliochoka anayekosa hewa akilala chali afanye akiwa ameketi, na mwenye pumu iliyoamka atumie pampu yake kwanza.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti mdogo wa watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini au kurudia mantra za yoga huku wakipimwa. Njia zote mbili ziliishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, bila mtu kuhesabu chochote. Miaka ya 1970, Herbert Benson wa Harvard alikuwa ameshaeleza jambo la jirani: kurudia neno moja kwa utulivu, na kuyaacha mawazo mengine yapite bila kugombana nayo, hupunguza mapigo ya moyo na matumizi ya hewa mwilini. Anayevuta tasbihi au rozari tayari ana chombo mkononi na hana haja ya kununua programu ya simu. Sharti ni mwendo. Neno moja kwa kila pumzi inayotoka. Dhikri ya kukimbizana na hesabu ina thawabu zake, ila kwa kazi hii ya kushusha mapigo haitafaa kitu.

Misuli: kwa wale wasiolala

Edmund Jacobson, daktari aliyefanya kazi Chicago, aligundua katika miaka ya 1920 kwamba watu hawajui misuli yao imekaza. Anayeambiwa "jilegeze" anadhani ameshalegea, kumbe taya zimebanana na mabega yako karibu na masikio. Ujanja wake ulikuwa kuanzia upande wa pili: kaza kwa makusudi, ili uisikie tofauti unapoachia.

Lala chali kitandani taa zikiwa zimezimwa. Anza na mguu wa kulia: vuta vidole vielekee usoni, kaza kwa sekunde 5 hadi 7, kisha achia ghafla, usirudishe polepole. Kaa hapo sekunde 20 hadi 30 ukisikiliza uzito na joto linaloshuka mguuni. Rudia mara moja. Hamia mguu wa kushoto, paja, makalio, tumbo, kiganja kilichofumbwa ngumi, mkono wa juu, mabega yakiinuliwa, macho yakifumbwa kwa nguvu, taya. Mwili mzima huchukua dakika 15 hadi 20, na wengi husinzia kabla ya kufika mabegani, jambo ambalo kitandani si kosa.

Kaza kwa nusu ya nguvu zako tu. Ukikaza kwa nguvu zote, shavu la mguu litakakamaa na usiku umeharibika. Ndiyo sababu vidole huvutwa kuelekea usoni badala ya kunyooshwa mbele. Usizuie pumzi wakati wa kukaza, hasa mwenye presha, kwa sababu kubana pumzi huku umekaza misuli hupandisha presha kwa ghafla. Palipo na kidonda, mshono au kiungo kinachouma, paruke. Mwenye kisukari mwenye kidonda cha unyayo aanzie mapajani.

Baada ya wiki tatu hivi unaweza kufupisha: mikono kwa pamoja, uso na shingo, mabega na tumbo, miguu kwa pamoja. Dakika 5. Hapo unaweza kulifanya hata kwenye benchi la kliniki, na hakuna atakayejua.

Tafakuri, na kwa nini akili haitanyamaza

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki kadhaa kwenye chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, akilenga wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao hospitali ilikuwa imefika ukingoni mwa kuwasaidia. Hakuwaahidi kwamba maumivu yangeondoka. Aliwafundisha kuyatazama jinsi yalivyo, bila hadithi inayofuata nyuma yake. Hadithi hiyo ndiyo mada ya tafakuri. "Goti linauma" ni hisia. "Goti linauma, nitashindwa kazi, ada za watoto atalipa nani" ni hisia iliyobeba mizigo.

Zoezi lenyewe ni rahisi kiasi cha kutia shaka. Kaa dakika 10, macho yamefumbwa au yametazama sakafu hatua mbili mbele. Weka usikivu mahali pamoja ambapo pumzi inasikika, kwa mfano ncha ya pua. Kabla ya pumzi ya tano akili itakuwa imeshaondoka. "Alhamisi nitaambiwa nini?" Ukigundua imeondoka, sema kimoyomoyo "wazo," kisha irudishe puani. Itaondoka tena: "wazo," irudishe. Inaweza kuondoka mara 40 katika dakika 10, na anayeirudisha mara 40 amefanya mazoezi 40. Hapa ndipo watu wanapokosea, wakidhani aliyefaulu ni yule ambaye kichwa chake kilikuwa kitupu. Kinachojengwa ni ule uwezo wa kugundua na kurudi, ambao saa nane usiku utakusaidia kuliona wazo la "nitakufa kama baba" likija, ukalitambua ni wazo, usilifuate hadi makaburini.

Si kila mtu afumbe macho. Aliyepitia vita, ubakaji, ajali mbaya au siku nyingi chumba cha wagonjwa mahututi anaweza kukuta picha zikimvamia mara tu anaponyamaza. Huyo afanye akitembea, akihesabu hatua na kuhisi unyayo ukigusa ardhi, au aache kabisa mpaka ampate mtaalamu. Aliyewahi kusikia sauti au kuona visivyokuwepo asianze peke yake.

Kwa mawazo yanayozunguka kuna mbinu nyingine isiyohitaji utulivu wowote. Tenga dakika 15, tuseme saa kumi na moja jioni, ziwe za kuwaza kwa makusudi. Wazo likija saa nne asubuhi, liandike kwa maneno matatu na uliambie lisubiri zamu yake. Jioni fungua daftari, gawa ukurasa kwa mstari. Upande mmoja weka yanayoweza kufanyiwa kitu: dawa zinaisha Jumapili, nauli ya kliniki haipo, sijamwambia mke wangu. Upande wa pili yasiyo na jibu leo: je, nitapata kiharusi? Ya upande wa kwanza yapangie siku na saa. Ya upande wa pili yafunge humo humo daftarini. Usifanye hivi kitandani.

Rafiki, na aina ya msaada

Shona, lugha ya Zimbabwe, ina neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. (Kufunga kwao ni kuwaza, Mswahili anaweza kusema wamelipata neno, maana mawazo yakizidi hufunga kweli.) Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza Harare na wahudumu wa afya wa jamii, kina mama wa makamo wanaoheshimika mitaani na kuitwa bibi, wakaketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Benchi hilo linajulikana kama Benchi la Urafiki, na utaratibu wake umefika pia Malawi na Zanzibar. Utafiti wa watu 573 kwenye zahanati 24 za Harare ulichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 kwa walioketi benchini, na kama 50 katika kila 100 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Bibi wa benchini hatoi mawaidha, na hilo ndilo la kuiga. Kwanza anamwacha mtu amwage yote. Kisha wanayaorodhesha, na mwenye shida anachagua moja. Tuseme ni nauli ya kliniki. Wanatafuta njia zote, hata za kuchekesha: kuomba tarehe ya karibu na mwisho wa mwezi, kupewa dawa za miezi mitatu badala ya mmoja, kukopa kikobani, kupanda lifti ya jirani anayekwenda mjini. Anachagua njia moja na hatua ndogo: "kesho saa tatu asubuhi nitamuuliza muuguzi kuhusu dawa za miezi mitatu." Wiki inayofuata anarudi kueleza ilikuwaje. Hata kama jibu lilikuwa hapana, amefanya kitu, na mwili wa mtu aliyefanya kitu hauko sawa na wa anayesubiri tu.

Msaada wa watu una sura zaidi ya moja, na chanzo kikubwa cha ugomvi ni kuzichanganya. Upo wa kusikilizwa, upo wa habari sahihi, upo wa mikono na fedha, na upo wa kuambiwa unakwendaje: "mwezi huu hujakosa dozi hata moja, nimeona." Mgonjwa anayetaka kusikilizwa akapewa mchaichai na tangawizi ataondoka na upweke. Anayehitaji elfu tano ya dawa akapewa mstari wa Biblia au aya ataondoka na hasira. Mtu mmoja hawezi kubeba sura zote, na mke au mume anayebebeshwa zote huchoka akawa mgonjwa wa pili. Watatu wanatosha: mmoja wa kusikiliza, mmoja wa shughuli, na mmoja mwenye ugonjwa kama wako.

Huyo wa tatu hana mbadala. Uganda mwaka 1987, wakati dawa za kufubaza virusi hazijafika, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na UKIMWI, wengi wao wakiwa wameguswa na UKIMWI wenyewe au kwa ndugu zao. Walichokuwa nacho ni kukutana, kuzungumza bila kunong'ona, na kutembeleana. Aliyewahi kujichoma sindano ya insulini kwenye daladala anajua mambo ambayo daktari bingwa hayajui. Vikundi hivi vipo kwenye kliniki nyingi za kisukari na za wanaoishi na VVU. Muulize muuguzi, kwa kuwa mara nyingi havina bango.

Kuomba nako kuna namna. "Naomba msaada wenu wakati huu mgumu" huzaa emoji za mikono iliyokunjwa. "Jumanne saa moja na nusu asubuhi unaweza kunisindikiza kliniki, uwe unaandika anachosema daktari?" huzaa ndiyo au hapana, na zote mbili zinasaidia. Kabla hujamweleza mtu siri kubwa, mpe ndogo uone itarudi kwako kupitia nani.

Kwa upande wa rafiki, acha kisa cha jirani aliyekuwa na ugonjwa huohuo akafa. Acha pia dawa ya mizizi uliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, inayodai insulini haihitajiki tena. Mtu akiacha insulini kwa ushauri wako anaweza kufa ndani ya siku chache. Maswali mawili yanatosha kukufungulia mlango: "Leo sehemu gani imekuwa ngumu zaidi?" na "Unataka nikusikilize tu, au tutafute njia?" Baada ya hapo nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoona inafaa.

Yasiyo ya kutulizwa nyumbani

Presha ikisoma 180/120 au zaidi, kaa dakika 5 upime tena. Ikibaki hapo bila dalili nyingine, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kukosa hewa, upande mmoja kulegea, mdomo kwenda kando, maneno kukwama au macho kufifia ghafla, hakuna zoezi la pumzi hapo, ni hospitali. Kwa mwenye kisukari, mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu makali, kwa jasho, kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu.

Huzuni, kukosa hamu ya chakula na ya watu, na usingizi uliovurugika, vikidumu wiki mbili karibu kila siku, vimeshaitwa sonona na vina matibabu yake. Huhitaji kusafiri hadi hospitali kubwa za magonjwa ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi. Anza na hospitali ya wilaya. Na mtu akisema "bora nife nisiwasumbue," muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo haliwezi kumpandikizia wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya panya, dawa za shambani na akiba ya vidonge viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku ileile.

Kwenye chumba cha daktari, dakika zikiwa chache, mgonjwa akisema "nina mawazo" atajibiwa asiwaze. Aseme vinavyohesabika: "Daktari, kwa wiki mbili sasa napata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku, chakula hakipiti, na wiki hii nimeruka vidonge mara nne."